Mita Sitini Kutoka Kwenye Kitambaa

Ukishuka leo kwenye kivuko chetu cha Mto Ruvu, upande wa Kisarawe, hutaona kitu cha kupiga picha. Utaona njia ya mawe, pana kiasi cha mikokoteni miwili kupishana, inayoshuka kiubavu kuelekea majini kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa adabu, bega kwanza. Kulia na kushoto ni matete. Juu, mbali na maji, kuna banda la bati ambako mananasi, mihogo na magunia ya ufuta husubiri zamu yake ya kuvushwa. Hakuna nguzo za zege wala geti la chuma. Hata hivyo, mtu akiniuliza nimejenga nini katika miaka yangu yote ya kazi, simtajii madarasa wala ofisi. Namwambia nilishiriki kujenga gati lile. Nikishasema hivyo huwa nataka akae nimweleze, kwa sababu bila maelezo ataona mawe tu.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Naishi Tumbi, Kibaha, kama wengi tuliokuja Pwani na barua ya ajira mkononi tukidhani tutakaa miaka miwili, tukabaki mpaka watoto wetu wakaanza kutucheka lafudhi. Nilizaliwa kaskazini, milimani. Kwetu mto umekaa kwenye mawe yake. Maji yanaongezeka na kupungua lakini mto wenyewe hauhami. Mtoto wa kwetu anaweza kukuonyesha jiwe ambalo babu yake alikuwa akilirukia. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa langu lilianzia hapo.

Kivuko kile ndiyo njia ya mkato ya wakulima wa vijiji vya ndani Kisarawe. Baadhi yao hutoka hata Kurui. Wanavusha mazao kwa mitumbwi na boti za mbao mpaka upande wa Kibaha, ambako ukingo ni wa chini, wenye changarawe, na bodaboda zinasubiri kuyafikisha barabarani. Kwa kuwa huku Kibaha kuna bandari kavu yenye makontena na mashine ndefu za kunyanyulia, wavushaji wetu nao wakakipa kivuko chao jina la Bandari Mbichi. Ukiwauliza habari za kazi wanakujibu, "Meli ziko nangani, mheshimiwa," huku wakikuonyesha mtumbwi uliofungwa kwa kamba ya katani kwenye kisiki.

Tatizo lilikuwa upande wa Kisarawe. Kule ukingo ni mrefu, wa udongo laini, na uliosimama wima. Ili kupata pa kushukia, watu walikuwa wanafyeka matete na kuchimba uwazi. Msimu wa mvua ukija, maji yanaingia kwenye ule uwazi, yanazunguka, yanakula udongo, ukingo unaporomoka. Mwaka unaofuata wanasogea hatua kadhaa, wanafyeka tena, wanachimba tena. Nilipofika mara ya kwanza ukingo ulikuwa kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa meno, pengo baada ya pengo, na lile pengo la mwisho lilikuwa limeshaanza kula shamba la mpunga.

Hali hiyo ndiyo iliyomleta afisa mazingira. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vya mvua ambavyo havijawahi kuiona mvua. Hakufoka. Alisimama na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima na wavushaji, akamwambia hivi:

"Mama, sheria inasema mita sitini kutoka mtoni kusiwe na shughuli. Naelewa kivuko lazima kiguse maji, siwezi kuwaambia mvuke hewani. Lakini hivi mnavyokwenda, mnaumaliza ukingo. Jengeni sehemu moja ya kudumu, vibanda vyote virudi nyuma ya mita sitini, matete yaachwe. Nitarudi baada ya masika. Nikikuta ukingo umekatika tena, nakifunga."

Mwenyekiti alikuwa mama mwenye umri wa kupewa shikamoo na karibu kila mtu pale, mkulima wa mananasi, mwembamba, mwenye sauti inayoita mtumbwi kutoka ng'ambo bila kukinga mikono mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Afisa alipoondoka, akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeletwa na ofisi yangu kusaidia mchoro.

"Umesikia, baba? Kivuko hiki kikifungwa, kuzunguka mpaka barabara ya lami ni siku nzima. Na nanasi lililoiva halijui kusubiri. Nimewaambia watu wangu miaka hii yote walime, soko lipo, njia ipo. Nitawaambia nini? Wayang'oe mananasi yao?"

"Hakitafungwa, mama," nikasema.

"Wewe unajuaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza sana. Nilichora chini kwa kijiti, nikamwonyesha mahali ngazi zitakapopita, zege litakavyoshika, kwa nini kokoto lazima zioshwe. Alinitazama kwa subira, halafu akawaambia wenzake, "Huyu si fundi, huyu ni mwalimu aliyepotea njia." Tangu siku hiyo nikawa Mwalimu, mpaka leo.

Ilikuwa kiangazi. Hapa niseme jambo ambalo sikulielewa wakati ule: watu wa ofisini karibu wote tunaujua mto wa kiangazi tu. Si kwa uvivu. Njia ya kufika pale inapita kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, na mvua zikianza gari halipiti. Kwa hiyo tunakwenda wakati wa kiangazi, tunapima wakati wa kiangazi, tunapiga picha wakati wa kiangazi, na mto uliomo kwenye majalada yetu ni ule mwembamba, mpole, uliolala katikati ya kitanda chake. Yule mwingine hatujawahi kuonana naye.

Basi nikapima. Nikaweka kisigino pale maji yalipogusa udongo, nikavuta futi kamba mita sitini, nikapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, kila kimoja na namba yake kwa mwandiko wangu. Nyuma ya vigingi tukaweka sakafu ya banda. Kutoka juu ya ukingo tukamwaga ngazi za zege, zimenyooka kama rula mpaka majini. Matete ya pale mbele tukayafyeka, kwa sababu wavushaji walisema yanaficha mamba, nami nikaona wana haki. Kazi ilipendeza. Nilirudi Tumbi nikamwambia mke wangu kwamba ukisimama juu ya zile ngazi unaona mto wote, kulia na kushoto.

"Na mto nao unakuona," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Alizaliwa karibu na ziwa. Watu hawa wana lugha yao.

Mvua za vuli zilikuja, tena si kubwa. Siku moja mama mwenyekiti akanipigia simu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, njoo uwaone wanafunzi wako." Nilikwenda mpaka gari lilipokwama, nikaendelea kwa miguu. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi nyuma. Ngazi sita za chini hazikuwepo. Zilizobaki zilikuwa zinaning'inia, udongo wa chini yake umeliwa, na pembeni, pale tulipofyeka matete, ukingo ulikuwa umeingia ndani kwa kadiri ya chumba. Sakafu ya banda ilikuwa na tope la kufika kifundo cha mguu. Vigingi vyangu vyote vilikuwa vimekwenda.

Watu walikuwa wamekaa kwenye magunia yao. Nilitamani mtu anitukane. Mvushaji mmoja akasema taratibu, kama anayetafuta namna ya kunifariji, "Lakini zege lenyewe lilikuwa zuri. Limekwenda likiwa zima."

Wakacheka, nami nikacheka, na ndani nilikuwa nahesabu miezi. Vuli inakwisha, kiangazi kifupi, halafu masika. Tungekuwa na nafasi moja tu.

Siku chache baadaye, nikiwa upande wa Kibaha nasubiri mtumbwi, akaja mfugaji aliyekuwa na boma lake upande ule ule, chini kidogo ya mto kutoka kivukoni. Nilimjua kwa sura. Alitoka kaskazini kama mimi, ila sisi tulilima migomba na wao walichunga. Kwapani alikuwa amebeba vigingi vitatu vyekundu.

"Ndugu," akasema, "hawa ni wako? Namba naona zinafuatana. Wamefika kwangu jioni, hawakubisha hodi."

"Ni wangu," nikasema.

"Karibu basi nikuonyeshe walipolala."

Nilimfuata. Vigingi vilikuwa vimekwama kwenye matete, lakini kilichonishika macho si matete. Ilikuwa njia ya ng'ombe wake, kwenye ukingo wa udongo laini uliosimama wima kama ule wa Kisarawe. Kwa miaka mingi wakulima walikuwa wanasema ng'ombe ndio wanaoharibu kingo za mto, nami nilikuwa nimelirudia hilo kwenye taarifa zangu zaidi ya mara moja. Sasa nilikuwa nimesimama juu ya njia iliyokanyagwa na kwato kila siku, na vuli ile ile iliyobeba ngazi zangu ilikuwa imepita hapa bila kuacha hata mpasuko.

Njia ilishuka kiubavu. Haikuukabili mto uso kwa uso. Ilianzia juu ikaelekea kule maji yanakokwenda, kwa hiyo mdomo wake ulifunguka kwa upande wa chini wa mkondo. Maji yakija kwa kasi yanapita mgongoni kwake. Pande zote mbili aliacha matete yamejaa.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Kufundishwa nini? Ukimshusha ng'ombe moja kwa moja, wa nyuma anamsukuma wa mbele, wanavunjika miguu. Lazima ashuke kwa ubavu. Na huwezi kuelekeza mdomo wa njia kule maji yanakotoka. Wewe kwenu mlango wa zizi mnaelekeza upepo unakotoka?"

"Hapana."

"Basi. Wewe ulimfungulia mto mlango, akaingia. Sasa unalalamika nini?"

Nikamuuliza ng'ombe wote wanawezaje kunywa kwenye njia ile moja. Akaniambia hawashuki wote. Wanashuka mafungu kwa mafungu. Wengine wanabaki juu kabisa, mbali na ukingo, mpaka wa kwanza wapande. Hakuna fungu linaloruhusiwa kusubiri ukingoni, kwa sababu uzito wa wanaosubiri ndio unaobomoa. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga kamba ya kiatu, na mimi, mwenye cheti kilichotundikwa ukutani Tumbi, nilitoa daftari nikaandika.

Nilipomweleza mama mwenyekiti, akasema, "Mlete mwenyewe aseme. Nikisema mimi watadhani nimehongwa maziwa."

Hapo tukagundua kitu cha ajabu. Yule bwana aliishi ukingoni mwa mto miaka yote ile, lakini hakuwahi hata siku moja kupanda mtumbwi. Siku ya mkutano alikaa chini kabisa, ameshika mbao za pande zote mbili, macho mbele. Mvushaji akamwambia, "Mzee, legeza mikono. Mtumbwi hautoroki." Hakulegeza. Tulipofika ng'ambo alitembea hatua kumi kwanza ndipo akawasalimu watu.

Mkulima mmoja, bingwa wa mizaha, hakungoja hata mkutano ufunguliwe. "Leo ng'ombe wametuma mwakilishi?"

"Wamenituma," mfugaji akajibu. "Wanasema ninyi mnashuka vibaya."

Kicheko kilichofuata ndicho kilichofungua mkutano. Lakini haikuwa rahisi. Wengine waliuliza kwa nini wajifunze ukingo kutoka kwa mtu ambaye mifugo yake iliwahi kuvuka mto wa kiangazi ikaingia kwenye mihogo yao. Alikubali. Alisema ni kweli, waliingia, na akamtaja mwenye shamba na mwaka. Kisha akachora njia yake chini, pale pale nilipochora ngazi zangu. Wapakiaji walilalamika: mizigo ikikaa mbali hivyo, nani ataibeba mpaka majini? Mama mwenyekiti akasimama.

"Sikilizeni. Mimi nimechimba uwazi huu mara ngapi? Kila mwaka nasema mara ya mwisho. Kule kwa huyu bwana njia ni ile ile tangu afike. Sasa mnataka nimdharau kwa sababu ana fimbo? Tutafanya zamu. Mizigo juu, inashuka fungu kwa fungu, kwa mkokoteni. Asiyetaka kusubiri zamu akaozeshe nanasi lake kwa raha zake."

Jambo hilo likapita. Nilibaki na swali langu mwenyewe: nipime kutoka wapi? Njia ingeweza kushuka vizuri, lakini banda likiwekwa tena kwenye njia ya maji tutaaibika upya. Nikamwambia mama kwamba sijui mto huu mwisho wake uko wapi wakati wa masika, na sina kumbukumbu yoyote ofisini ya kunionyesha.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia sijui jua linachomoza wapi. "Si umepita hapo kila siku?"

Karibu na kivuko kuna mkuyu mkubwa wenye mizizi iliyoushika ukingo kama vidole. Tangu siku ya kwanza niliona kwenye shina lake vitambaa vilivyofungwa, vingi, vya rangi zilizopauka, vipande vya kanga. Vingine vilikuwa usawa wa kifua, vingine juu ya kichwa changu. Mimi ni mgeni mwenye adabu. Nilijiambia: hapa ni mahali pa tambiko la wenyeji, nisiulize, nisiguse. Nilipopima nilihakikisha hata futi kamba yangu haiugusi mti ule. Niliwakataza vibarua kutundika mashati pale. Nilijisifu moyoni kwa kuheshimu mila za watu.

Nilipomweleza hivyo mama mwenyekiti, aliketi chini. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akawaita wenzake nirudie.

"Mizimu gani, Mwalimu! Hizo ni alama za maji! Kila masika, mto ukijaa mpaka ukasimama, tunafunga kitambaa pale ulipofika. Ndiyo tunajua kitalu cha mpunga tukiweke wapi mwaka unaofuata. Wewe umekaa unaamkia vitambaa?"

"Siviamkii," nikasema. "Napita pembeni."

"Anapita pembeni!" wakaitikia, na hilo nalo likawa langu mpaka leo.

Nilichokuwa nakitafuta ofisini, miaka na miaka ya vipimo vya mafuriko, kilikuwa kimefungwa kwenye mti nilioukwepa kwa heshima. Nilimuuliza tufuate kitambaa kipi. Akasema nichukue pale vilipo vingi. "Kile cha juu ni cha mwaka wa mvua kubwa. Mwaka ule hata samaki walihama. Huo hauupangii, unauombea usirudi."

Kazi iliyofuata ndiyo ninayopenda zaidi kuieleza. Mafundi wa kujenga nyumba wana kifaa rahisi: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Maji ya ncha moja na ya ncha nyingine hukaa usawa mmoja hata kama katikati kuna kilima. Mama mwenyekiti alishika ncha moja kwenye kitambaa. Mimi nilishika nyingine nikarudi nyuma, nikiufuata mwinuko wa ardhi, nikasogea na kusogea, mpaka usawa wa maji kwenye mpira ukagusa udongo miguuni pangu. Nilikuwa mbali sana na mto. Nilikuwa katikati ya majani makavu, nyuma ya mahali banda langu la kwanza lilipokuwa. Nikapaza sauti, "Mama, una hakika?"

"Uko wapi?" akauliza kutoka kule.

"Niko kwenye kichuguu!"

"Hapo hapo! Mchwa hawajengi panapojaa maji!"

Nikapigilia kigingi pale, kutoka pale nikavuta mita sitini, nikapanga safu mpya ya vigingi vyekundu, na nyuma yake tukaliweka banda jipya.

Tulijenga kwa kile ambacho kwetu milimani huitwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya inatoa mtu. Ofisi ilileta waya na gari la mawe. Mengine yote yalikuwa mikono yao. Tulichonga njia kwa ubavu, mfugaji akisimama juu na fimbo yake akituonyesha pembe: "Lala zaidi. Bado umesimama. Lala." Tulijaza mawe kwenye vikapu vya waya, tukavipanga kama kuta fupi kwenye kingo za njia, bila zege, ili maji yapite katikati ya mawe badala ya kuyasukuma. Akina mama walihamisha matete kutoka pengo la zamani wakayapanda tulipofyeka, mashina yakiwa na udongo wake. Kuhusu mamba, wavushaji walipigilia uzio wa miti ndani ya maji, pale watu wanaposimama kupakia, wakakubali matete yabaki kwingine.

Masika yalipokuja nilikuwa mezani kwangu Kibaha, na sikuweza kukaa. Mama akapiga simu akasema maji yanapanda, tena akaongeza, "Na mwaka huu kitambaa ulete wewe." Nilimwomba mke wangu kanga moja kuukuu. Akauliza inakwenda wapi. Nikamwambia inakwenda kazini. Nilizungukia barabarani mpaka upande wa Kisarawe, bodaboda ikanifikisha ilipoweza; viatu nilivivulia njiani nikavibeba.

Hapo ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza, yule mto mwingine. Hakuwa na kingo. Alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mpana, anakwenda bila haraka na bila kelele, na amebeba mti mzima kama mtu aliyebeba mwavuli. Sikuiona njia yetu ya mawe. Ilikuwa chini yake. Ncha za matete zilikuwa zimelala zote upande mmoja. Uvushaji ulikuwa umesimama kwa siku ile, lakini mvushaji mkongwe alinisogeza kwa mtumbwi na upondo, kule pembeni maji yalikokuwa yametulia, mpaka kwenye mkuyu. Mama alikuwa ameshafika, amekaa kwenye mtumbwi mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta?"

Nilirarua kipande. Maji yalikuwa kwenye usawa wa vile vitambaa vingi, upana wa kidole tu chini yake. Nilifunga fundo langu pale. Kule nyuma, banda lilikuwa limesimama pakavu, na mbele yake nilihesabu vigingi vyekundu. Vyote vilikuwepo.

Afisa mazingira alirudi maji yalipopungua na njia ilipokauka. Safari hii viatu vyake vilikuwa na tope. Gati lilikuwa limefunikwa matope, na vijana walikuwa wakiyasukuma kwa makoleo. Mawe machache ya chini yalikuwa yamekwenda. Matete yalikuwa yameinama, lakini ukiyavuta hayang'oki. Ukingo ulikuwa pale tulipouacha. Mama mwenyekiti alisimama karibu yangu, mikono ameikunja, na nikajua hajalala.

Afisa akatoa futi kamba, akashuka mpaka chini, akaweka kisigino chake pale maji yalipogusa udongo.

"Kaka," nikamwambia, "ukipima kutoka hapo utakuwa umepima mto wa leo. Njoo huku."

Nilimwongoza mpaka kwenye mkuyu. Alisimama hatua tatu kabla ya kuufikia. Akavitazama vile vitambaa, akavua kofia, na kwa sauti ya chini akaniuliza, "Samahani, mzee. Hapa si mahali pa tambiko la watu? Isije tukawakosea."

Nyuma yangu mama mwenyekiti alikuwa ameshakaa chini.

Nilimwacha acheke. Kisha nikamshika yule kijana mkono, nikamsogeza mpaka kwenye kitambaa kipya, kile cha maua ya zambarau kilichotoka kabatini kwangu Tumbi, nikamweleza taratibu, hatua kwa hatua: kitambaa, mpira wa maji, kichuguu, halafu mita sitini. Aliuliza maswali mazuri. Aliomba mpira, akaurudia upimaji mwenyewe, mama akimshikia ncha. Alipomaliza, futi kamba yake ilifika mita sitini ikiwa bado hatua moja kuufikia ukuta wa banda.

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akafunga daftari, akamwambia mama, "Endeleeni kuvusha. Na hii njia ya kupima, nitaomba mje muwaeleze watu wa vivuko vingine."

"Tutakuja," mama akasema. "Mimi, Mwalimu, na yule bwana wa ng'ombe. Ila yeye itabidi apite barabarani."

Halafu akanipita, akapanda juu mpaka kwenye banda, na nikaisikia sauti yake ikivuka mto wote bila kukinga mikono mdomoni, ikiita boti ya kwanza. Fungu la kwanza la mananasi likaanza kushuka, kiubavu, na fungu la pili likabaki juu likisubiri zamu yake.